Chuma Chakavu Si Takataka

Mataifa hupimwa kwa mambo mengi. Wako wayapimao kwa wingi wa mashamba, wako wayapimao kwa elimu ya watu, na wako wayapimao kwa nguvu ya majeshi. Lakini nyuma ya mambo hayo yote kipo kitu kimoja kinachoyashikilia, nacho ni chuma. Jembe la mkulima ni chuma. Sindano ya mshonaji ni chuma. Kisu cha daktari apasuaye wagonjwa ni chuma. Nondo zilizojificha ndani ya kuta za shule ni chuma. Taifa lisilojua kujifulia chuma hulima kwa jembe la mwenziwe, kwa bei aipendayo mwenziwe. Na siku mwenziwe akighairi kuuza, litalima kwa kucha.

Kwa hiyo swali liulizwalo mara kwa mara nchini Kenya, yaani kama nchi hii ina kazi ya chuma au haina, ni swali jema. Ubaya uko katika majibu yake. Majibu matatu yamezoeleka mno. Mtu wa kwanza husema: Hatuna, maana hatuna tanuru kubwa la kuyeyusha mawe ya chuma yachimbwayo ardhini. Wa pili husema: Tuna chuma chakavu tu, na biashara ya chuma chakavu ni ya wezi, heri ifungwe. Wa tatu husema: Tuna nyundo za Kamukunji, lakini nyundo ni riziki ya walioshindwa shuleni. Insha hii yakusudia kuyapinga majibu yote matatu. Maneno yake ni mbalimbali, lakini mama yao ni mmoja, naye ni dharau.

Kabla ya kushindana yafaa tuelewane juu ya majina. Chuma kitokacho katika mawe si kitu kimoja na chuma kinachofanyiwa nondo na panga. Hiki cha pili, ambacho Waswahili wa zamani walikiita pua au feleji, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo kwa kiasi maalumu. Nondo ya kawaida huwa na kaboni kama sehemu 2 au 3 katika 1,000. Springi ya lori hukaribia sehemu 6. Tupa ya kunolea hufika sehemu 10 na zaidi. Kaboni ikipungua, chuma hupindika, ikizidi, huvunjika. Basi siri ya feleji ni kipimo. Msomaji alishike neno hili, kipimo, maana ndilo nguzo ya hoja zangu zote.

Sasa tuitazame kazi yenyewe mahali inapofanyika. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo zilikuja karakana. Mji wa wafanyakazi ulikua upande wa mashariki: Muthurwa na Makongeni kwa watu wa reli, kisha Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, na baadaye Jericho na Kariobangi. Mitaa hiyo, ijulikanayo kwa jina moja la Eastlands, haikujengwa iwe chuo cha ufundi wa chuma. Ilijengwa iwe malazi ya vibarua. Lakini ufundi haungoji kuandikiwa barua ya mwaliko. Leo huko Kamukunji, karibu na soko la Gikomba, wahunzi wengi hukata mapipa ya mafuta, hukunja bati, hupiga ribiti na kulehemu tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Sanduku la bati ambalo mwanafunzi wa bweni hulifunga kwa kufuli aghalabu lilizaliwa hapo. Hapo hutoka majiko, makarai, matoroli, na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Watu hao huitwa jua kali, kwa sababu walianza kazi yao pasipo paa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, ikaonyesha kuwa kazi ndogo ndogo za namna hiyo, zisizoandikwa katika madaftari ya serikali, ni sehemu ya uchumi yenye faida, na kwamba si haki kuzifagia kama uchafu. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji akaahidi mabanda. Hakuna basi awezaye kusema kuwa hakuambiwa. Hata hivyo mtu anayejiona ameelimika bado hupita hapo akiziba masikio, na kuuliza ni lini kelele zile zitahamishwa ziende mbali na mji.

Kelele zile ni ncha moja tu ya mnyororo mrefu. Kijana mwenye mkokoteni huzunguka Dandora, Mathare na Umoja akinunua sufuria zilizotoboka, vitanda vilivyovunjika na mabaki ya magari. Huvipeleka kwa mnunuzi mwenye mizani, Kariobangi au Gikomba. Sehemu moja humwendea mhunzi, akaigeuza patasi au jiko. Sehemu kubwa hupakiwa katika malori, ikapelekwa kwenye viwanda vya Nairobi, Ruiru na Athi River, vinavyoyeyusha chuma chakavu kwa umeme na kukifanya nondo. Viwanda vingine, kama Mabati Rolling Mills iliyoanzishwa mwaka 1962, hutegemea feleji ya kuagizwa kutoka nje, wakaifinyanga na kuipaka rangi hapa. Kwa maneno mengine, Kenya haina mgodi mkubwa wa chuma uliochimbwa ardhini. Lakini inao mgodi ulio juu ya ardhi, na wachimbaji wake ni watu wa Eastlands.

Tumjibu sasa mtu wa kwanza, yule asemaye kuwa hatuna kitu mpaka tuwe na tanuru kubwa. Mtu huyu hajaitazama dunia. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza feleji tani karibu bilioni 1.9. Ni kweli kwamba sehemu kubwa, kiasi cha 7 katika 10, ilitokana na mawe ya chuma na makaa ya mawe katika matanuru marefu kama minara. Lakini iliyobaki ilitengenezwa kwa umeme, na chakula kikuu cha matanuru ya umeme ni chuma chakavu. Katika Marekani, nchi ambayo hakuna aithubutuye kuiita maskini wa viwanda, zaidi ya theluthi mbili ya feleji hutengenezwa kwa njia hiyo. Uturuki imejenga kazi yake ya feleji juu ya chuma chakavu, na katika miaka ya karibuni imekiagiza kuliko nchi nyingine yoyote. Katika Brescia, nchini Italia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye matanuru madogo waliyeyusha mabaki ya vita wakatengeneza nondo za kuijengea nchi yao upya. Nao wakakua mpaka wakawashinda bei wakubwa wa Ulaya. Hakuna aliyewaambia watu wa Brescia kuwa kazi yao ni ya kuokota taka.

Kwa upande mwingine, yako matanuru makubwa yaliyomeza mali bila kutema feleji. Nigeria ilianza kujenga kiwanda cha Ajaokuta mwaka 1979 kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Yalijengwa majumba, mitambo na reli za ndani. Mabilioni ya fedha yakatumika. Na tanuru lake kubwa halijapata kuiyeyushia Nigeria mawe yake. Karibu nasi zaidi, milima ya Liganga katika wilaya ya Ludewa, Tanzania, ina mawe mengi ya chuma, na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayako mbali nayo. Mkataba wa kuyachimba ulitiwa sahihi na kampuni ya Kichina mwaka 2011, na miaka zaidi ya 10 ikapita mashauriano yakiwa marefu kuliko mashimo. Tena mawe ya Liganga yamechanganyika na titani, jambo linalofanya kuyeyusha kwake kuwa kugumu. Sisemi Liganga iachwe. Naiombea heri, na siku itakapotoa feleji Afrika ya Mashariki nzima itafaidika. Nasema hivi: mwenye kungojea mlima uyeyuke huku akiukanyaga mgodi ulio mlangoni pake amesahau wosia wa wazee, usiache mbachao kwa msala upitao.

Liko jambo jingine ambalo mtu huyo halijui au halipendi kulikumbuka. Hudhani kuwa feleji ililetwa Afrika ya Mashariki katika meli, pamoja na reli. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza habari za Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao mababu zao, karibu miaka 2,000 iliyopita, walipata feleji katika matanuru ya udongo kwa mivukuto na mirija iliyopasha hewa moto kabla haijaufikia moto wenyewe. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, alitaja chuma kuwa biashara kubwa ya watu wa Malindi. Na majembe ya wahunzi wa Samia, upande wa magharibi ya Kenya, yalikuwa maarufu katika nchi zilizozunguka ziwa kabla ya jembe la dukani kufika. Mhunzi wa Kamukunji hakuzuka jana. Ni mrithi aliyepoteza hati ya urithi wake.

Mtu wa pili ana hoja nzito zaidi, nayo yataka kujibiwa kwa haki. Husema kuwa chuma chakavu ni soko la wezi: vifuniko vya mitaro hutoweka, vyuma vya kando ya barabara hung'olewa, nyaya za umeme hukatwa. Hayo ni kweli, na anayeyakana hajakaa Nairobi. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za njia kuu ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu, ndani ya nchi na nje. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Mei mwaka uleule, baada ya kanuni mpya kuwekwa.

Tuulize: katika miezi ile mitatu na zaidi, nani aliadhibiwa? Mwizi wa nguzo huiba usiku na huuza usiku. Marufuku haimkuti kizimbani. Aliyekutwa ni kijana mwenye mkokoteni, ambaye hununua sufuria iliyotoboka kwa mama wa nyumbani mchana kweupe, na mhunzi ambaye chuma chake chatoka katika mkokoteni huo. Kuku akiibwa, hatufungi mabanda yote ya kuku, twamtafuta mwizi. Tena sheria ya chuma chakavu ilikuwapo tangu mwaka 2015, nayo iliwataka wafanyabiashara wawe na leseni na waandike ni chuma gani wamekinunua na kwa nani. Kama daftari zile zingeandikwa na kukaguliwa kwa bidii, nguzo ya serikali isingepata mnunuzi hata mmoja mwenye mizani halali. Basi kilichokosekana ni kipimo: kipimo cha mizani na kipimo cha daftari. Palipokosekana kipimo, tulileta rungu.

Lakini nampa mtu wa pili haki yake katika jambo moja. Mnunuzi anayepokea kipande cha reli akijua kuwa reli haizeeki mikononi mwa raia, ni mwizi kama mwenzake aliyeing'oa. Asijifiche nyuma ya jina la jua kali. Jina hilo ni la wafanyakazi, wala si pango la wahalifu. Anayelichafua huwaibia wenziwe mara mbili: kwanza mali ya umma, na pili heshima yao.

Sasa tumwendee mtu wa tatu, ambaye ndiye hatari zaidi kwa wasomaji wa kitabu hiki, kwa sababu aghalabu ni mzazi, au mwalimu, au rafiki wa dawati moja. Yeye humtisha mwanafunzi mvivu kwa maneno haya: Usiposoma utaishia Kamukunji. Maneno machache kama hayo yamewaharibu watu wengi. Yamemfundisha mwanafunzi kuwa kalamu na nyundo ni maadui, kwamba penye mkono hapana akili, na kwamba aliyeelimika ni yule ambaye vidole vyake havina masizi.

Ili kuuona ubovu wa fikira hiyo, tutazame jinsi nondo inavyopatikana. Matanuru ya viwanda vyetu vingi ni ya aina ya indaksheni. Nyaya nene za shaba, zinazopozwa kwa maji, huzungushwa nje ya chungu cha udongo mgumu. Umeme upitao katika nyaya huamsha umeme mwingine ndani ya chuma chenyewe, nacho huyeyuka kwa nyuzi za joto zaidi ya 1,500. Tani moja hula umeme wa kilowati-saa kati ya 500 na 700. Ndiyo maana wenye viwanda hulia juu ya bei ya umeme. Na hapa nchi yetu ina baraka ambayo haijaitumia vya kutosha: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana, wala si katika makaa ya mawe. Feleji iliyoyeyushwa kwa umeme kama huo huitia hewa ya dunia uchafu mchache kuliko ile ya matanuru makubwa.

Lakini tanuru hili lina ila, na ila hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Huyeyusha vizuri, ila halisafishi sana. Fosforasi na salfa zilizoingia na chuma chakavu hubaki humo kwa sehemu kubwa. Shaba ndiyo mbaya zaidi, maana ikishaingia katika feleji haitoki, hata katika matanuru ya mataifa makubwa. Shaba ikizidi, feleji hupasuka inapofinyangwa ikiwa moto. Fosforasi ikizidi, nondo huwa kama muwa mkavu: ukiipinda, huvunjika. Kwa hiyo ubora wa nondo hauanzii kiwandani. Huanzia kwa yule kijana wa Kariobangi aketiye juu ya rundo, akitenga mota yenye nyaya za shaba upande huu, springi ya lori upande ule, na bati lenye kutu mbali na vyote viwili. Mkono wake ukikosea, kosa lake laweza kupanda mpaka ghorofa ya sita.

Yafikiri hayo, msomaji. Mtu tunayemwita mwokota taka ndiye mlinzi wa kwanza wa nyumba zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumfundisha kemia ya kazi yake. Elimu hiyo imo katika vitabu vya shule. Yeye yuko juu ya rundo. Na kati ya kitabu na rundo pana ukuta uliojengwa na dharau.

Mhunzi naye anayo elimu ambayo vitabu vyetu havijaiandika. Akitaka kujua kama kipande cha chuma kitakubali makali, hukigusisha kwenye jiwe la kunolea na kutazama cheche. Cheche ndefu zisizo na matawi zamwambia kuwa kaboni ni kidogo. Cheche fupi zinazopasuka kama maua zamwambia kuwa kaboni ni nyingi. Hiyo ni njia iliyokubaliwa hata na mafundi wa viwanda vikubwa. Akiisha kulifua panga, hulizamisha majini likiwa jekundu ili liwe gumu, kisha hulipasha tena polepole, akiitazama rangi yake ikigeuka kutoka manjano ya majani makavu kwenda samawati, na huliondoa motoni kwenye rangi anayoitaka. Mwanafunzi wa fizikia angehitaji kipimajoto. Mhunzi hutumia jicho. Je, aliyejua hayo ameshindwa shuleni, au shule ndiyo iliyoshindwa kumjua?

Wala si kwamba taifa halikuwahi kujaribu kuuvunja ukuta huo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikusudia kumpa kila mtoto ufundi wa mikono. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, na nia njema isiyo na zana ni kama fuawe isiyo na nyundo. Mnamo mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze motokaa, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani. Yalikwenda, watu wakashangilia, lakini hayakupata kuuzwa sokoni. Wengi hucheka wakikumbuka habari hiyo. Mimi sioni la kuchekwa, naona la kujifunza. Tulitaka kuvuna motokaa kabla ya kupanda skrubu. Nchi isiyo na maelfu ya karakana ndogo zinazoweza kutengeneza kipande kimoja mara elfu, kila kimoja sawa na mwenziwe, haiwezi kutengeneza motokaa, hata ikiwa na wahandisi hodari namna gani.

Mfano wa kinyume chake ni jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walilichukua jiko la bati la makaa lililokuwa likitengenezwa na wahunzi wa Nairobi, wakalitia ndani yake bitana ya udongo uliochomwa, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Hawakuwanyang'anya wahunzi kazi. Waliketi pamoja nao Shauri Moyo, wakalijaribu, wakakosea, wakalirekebisha, mpaka umbo likapatikana ambalo mhunzi aweza kulifua na mnunuzi aweza kulilipia. Jiko hilo, lenye kiuno chembamba, hupunguza makaa kwa robo na zaidi, nalo limeenea mpaka nchi nyingine za Afrika. Hapo kalamu na nyundo zilikutana, kila moja ikamheshimu mwenziwe, na matokeo yako jikoni mwa watu wengi.

Nikiisha kusema hayo, yanipasa niwageukie pia marafiki wa jua kali, maana sifa tupu nayo ni namna ya dharau. Wako wanaosema kuwa mhunzi wa Kamukunji hana haja ya kufundishwa lolote, kwamba akili yake ya kuzaliwa yatosha. Huo ni uongo mtamu. Mtu apigaye bati kutwa bila kuziba masikio hupoteza usikivu wake kidogo kidogo. Alehemuye bila kioo cheusi huyachoma macho yake. Toroli lililolehemiwa ovyo huvunjika siku ya tatu, na mnunuzi huapa kutonunua tena kitu cha nyumbani. Na historia inalo onyo kali kuliko yote hayo. Mwaka 1958 watawala wa China waliwaamuru wakulima wajenge matanuru madogo vijijini. Watu waliacha mavuno shambani, wakayeyusha masufuria na majembe yao mazima. Na kilichotoka, kwa sehemu kubwa, kilikuwa chuma kibovu kisichofaa kwa kazi yoyote. Njaa iliyofuata, ambayo matanuru hayo yalikuwa sababu mojawapo, iliua mamilioni. Bidii ilikuwapo, na watu walikuwapo. Kilichokosekana ni kipimo, na uhuru wa kumwambia mkubwa kuwa chuma hiki hakifai.

Jambo hili si la mazungumzo ya barazani tu. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka usiku huko Huruma, katika Eastlands yetu hii, likaua watu wapatao 50. Taarifa za wakati ule zilisema kuwa jengo lilikuwa karibu na mto na tayari lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Sisemi kuwa nondo ndizo zilizokuwa kisa. Nasema kuwa maelfu ya watu hulala kila usiku katika majengo yaliyojengwa kwa haraka katika mitaa hiyo, wakitegemea nondo ambazo hawazioni na ambazo wengi wao hawajui zilipimwa na nani. Maskini hana namna ya kukagua ukuta anaoulipia kodi. Hukaguliwa kwa niaba yake, au haukaguliwi kabisa.

Basi itakiwayo si miujiza. Shirika la Viwango la Kenya liliundwa mwaka 1974, na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, mwaka 1979. Zote mbili zina ofisi Nairobi, mwendo wa kilomita chache tu kutoka Kamukunji. Ziende kwa mhunzi badala ya kumngojea. Pawekwe katika Kamukunji na Kariobangi nyumba ndogo yenye mashine ya kuvutia chuma mpaka kikatike na chombo cha kusoma mchanganyiko wake, ambamo fundi ataingia na kipande chake na kutoka na jibu kwa ada aiwezayo. Mtenga chuma afundishwe na alipwe kwa usafi wa rundo lake, wala si kwa uzito peke yake. Mabanda yapewe hati, ili fundi asiogope kununua mashine nzito katika kiwanja ambacho kesho aweza kuamriwa akihame. Na kila shule ya sekondari iliyo karibu na kazi hizo iwapeleke wanafunzi wake huko mara kwa mara, wakajifunze, si kutalii.

Ninyi wanafunzi mna sehemu yenu. Baadhi yenu mmezaliwa Bahati, Jericho, Kayole au Dandora, na sauti ya nyundo mmeisikia kabla ya sauti ya kengele ya shule. Msiionee haya. Mtakapofundishwa habari za kaboni, ulizeni ni kiasi gani kilichomo katika jembe la bibi. Mtakapofundishwa habari za umeme, ulizeni unavyoyeyusha chuma bila moto. Atakayekuwa mhandisi na asiweze kuzungumza na mhunzi atakuwa mhandisi nusu. Na mhunzi ambaye mwanawe mwenye elimu amemkimbia atabaki mhunzi nusu. Nusu mbili zilizotengana haziwezi kujenga hata daraja la kijito.

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Feleji ya Kenya iko mvunguni: katika mikokoteni, katika marundo ya kutu, katika mikono yenye masizi ya mitaa ya mashariki. Tumesimama wima muda mrefu mno, tukitazama mbali kutafuta moshi wa tanuru ambalo halijajengwa. Tuiname tukitwae kilicho chetu. Na tukiisha kukitwaa, tukipime.